Mvua ya Saa Tisa

Msomaji mpenzi, huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu, ambao kwa desturi huzungumzia mashairi, ngoma na mila, leo wazungumzia tenisi ya Ufaransa na mvua ya Kisii. Nami nilistaajabu vilevile nilipojikuta nayafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja. Lakini jambo likikufuata mpaka mlangoni, si uungwana kulifungia mlango.

Zilikuwa siku za mwisho za mwezi wa Mei, mwaka 2024. Nilikwenda Kisii kumtazama mpwa wangu, ambaye alikuwa na miaka sita huko akiuza viatu katika soko la Daraja Mbili. Sisi watu wa pwani twaijua Kisii kwa ndizi zake, na kwa yale mawe laini ya Tabaka yachongwayo vinyago na vibakuli vikaletwa kuuzwa kwa watalii mpaka kwetu Mombasa. Zaidi ya hapo hatujui mengi. Wachache wetu wajua, mathalan, kwamba katika mji ule wamo Waislamu wa tangu zamani, Wanubi, na kwamba mgeni wa pwani akishuka garini hapotei akautafuta msikiti.

Asubuhi yangu ya kwanza jua lilitoka zuri, la kumtia mtu hamu ya kutembea. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, binti wa mwenye nyumba wangu acheza mpira leo upande wa Nyamira, michezo ya shule. Twende tukamtazame." Nikavaa kanzu yangu nyeupe. Pale stendi ya matatu palikuwa na mama auzaye ndizi, akanitazama toka kofia mpaka makubadhi, akacheka. "Mzee," akaniambia, "kama unaenda Nyamira, enda sasa na urudi mapema. Saa tisa ikifika, hii nguo yako itaona mambo." Nami nikatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Nikajisemea moyoni kwamba huyu mama ataka kunitisha tu.

Uwanja wenyewe ulikuwa juu ya kilima, umechongwa ubavuni kama ngazi, upande mmoja mashamba ya chai na upande mwingine migomba. Tulipofika saa nne kasorobo, watoto walikuwa wamekwisha kujipanga tangu saa tatu, lakini mpira haukuanza. Mgeni wa heshima alikuwa hajafika. Alipofika, alihutubu. Sikuhesabu dakika za hotuba ile, ila najua ilipoanza kivuli cha goli kilikuwa kirefu na ilipokwisha kilikuwa kifupi. Kisha wakacheza wavulana mchezo wa kwanza, wakacheza wavulana wengine mchezo wa pili. Kukawa na chakula. Mchezo wa wasichana ukawekwa mwisho, saa nane na nusu, na nilipomwuliza mwalimu mmoja kwa nini, akanijibu kwa upole kabisa, bila nia mbaya yoyote, kwamba "huwa unawekwa mwisho."

Saa tisa kasoro dakika chache upepo uligeuka. Wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi kama masizi ya chungu, likaja kwa haraka ambayo mimi, niliyezaliwa na kukulia ufuoni, sijaiona ila katika tufani ya bahari. Radi ikapiga ng'ambo ya kilima. Mwamuzi akapuliza kipenga, wasichana wakakimbilia chini ya mabati ya darasa, na mvua ikaanguka, kwanza maji, halafu mawe. Naam, mawe ya barafu, ukubwa wa punje za mahindi, yakilia juu ya mabati hata hatukusikizana. Tukakaa pale saa nzima na zaidi. Ilipopungua, uwanja ulikuwa umekuwa kidimbwi, na magari ya kurudisha timu yalikuwa yapiga honi, kwani njia za udongo za milima ile zikishalowa gari halipandi.

Mabao yalikuwa sawa, moja kwa moja. Wakuu wa michezo wakashauriana, wakawaita manahodha wawili chini ya mabati, wakarusha sarafu. Timu ya binti wa mwenye nyumba ikatolewa, mwaka wake wote ukaishia katika shilingi tano. Hakulia. Alivua viatu vyake vya mpira, akavifungasha katika karatasi, akamwambia mpwa wangu maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya: "Wavulana walicheza na jua, sisi tukachezeshwa sarafu."

Nikauliza kwa nini mchezo usirudiwe siku nyingine. Nikaambiwa hakuna siku nyingine. Na hapo si kwamba walinidanganya. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka ule masika yalizidi kiasi, mafuriko yakachukua watu na nyumba katika sehemu nyingi za Kenya, na serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule za muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili hata tarehe 13 Mei. Wiki mbili zikakatwa katika kalenda. Masomo hayakupunguzwa wala mitihani haikupunguzwa, kwa hiyo kilichopunguzwa ni michezo, na iliyobaki ikabanwa kama abiria wa matatu ya jioni. Mvua ilikuwa imewapokonya wale wasichana mara mbili: mara ya kwanza wiki zao, mara ya pili saa yao.

Sasa tuingie Ufaransa.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 1 Juni, mpwa wangu alikesha mbele ya televisheni akitazama mashindano ya Roland Garros, yale makubwa ya tenisi yachezwayo Paris juu ya udongo mwekundu. Mimi nililala. Nilipoamka kwa sala ya Alfajiri nikamkuta bado ameketi, macho mekundu kama mtu aliyepika kwa kuni mbichi. "Mjomba," akasema, "Djokovic amemaliza hivi karibuni tu." Nikadhani anifanyia mzaha. Kumbe ni kweli tupu. Novak Djokovic wa Serbia na kijana wa Kitaliani, Lorenzo Musetti, walikuwa wameanza mchezo wao baada ya saa nne na nusu ya usiku kwa saa za Paris, wakaumaliza saa tisa na dakika saba za usiku, jambo ambalo halijapata kutokea katika mashindano yale tangu yaanzishwe. Saa tisa! Nikamkumbuka yule mama wa ndizi.

Na sababu ilikuwa nini? Mvua. Wiki nzima Paris ilinyeshewa. Siku ya Jumatano, tarehe 29 Mei, viwanja vya nje vilifunikwa maturubali na wachezaji wakashinda vyumbani wakicheza karata. Viwanja vyenye paa vilikuwa viwili tu katika vyote: kile kikubwa cha Philippe-Chatrier, kilichotiwa paa mwaka 2020, na cha Suzanne-Lenglen, ambacho paa lake lilikuwa jipya mwaka ule ule wa 2024. Basi michezo ikarundikana. Jumamosi hiyo mchezo mmoja wa wanaume, uliokuwa umeharibiwa na mvua kwenye uwanja usio paa, ukaletwa ndani na kupachikwa mbele ya mchezo wa Djokovic. Wakubwa hawakutaka kumwambia Djokovic acheze kesho yake, kwani mchezo wa usiku umekwisha kuuzwa, tiketi kwa watazamaji na picha kwa kampuni ya televisheni. Wakaona ni heri watu wacheze hata alfajiri kuliko ratiba ivunjwe.

Bingwa huyo alishinda. Jumatatu akarudi uwanjani, akacheza seti nyingine tano na Francisco Cerúndolo wa Argentina kwa muda wa zaidi ya saa nne na nusu, goti likamwumia katikati ya mchezo, akashinda tena kwa kuchechemea. Jumanne akatangaza kwamba hawezi kuendelea, akajitoa. Sisemi kwamba goti liliumizwa na ule usiku wa kukesha. Goti lina siri zake, na mimi si tabibu. Lakini Coco Gauff, msichana wa Marekani ambaye ni miongoni mwa mabingwa wa mchezo huu, alisema waziwazi siku zile kwamba michezo ya kumalizika saa kama hizo si ya afya kwa mchezaji yeyote.

Watu wengi waliozungumza juu ya jambo hili waliilaumu mvua. Nami ndipo nilipoanza kutofautiana nao, na nataka nilieleze vizuri.

Mvua humnyeshea kila mtu. Haimjui Djokovic wala haimjui binti wa Nyamira. Aliyekaa akaamua nani awe chini ya paa na nani awe nje, nani apewe asubuhi na nani apewe saa tisa, huyo ni mwandishi wa ratiba. Tazama Paris: mvua ikinyesha, wenye majina makubwa wamo chini ya paa wacheza siku yao, na wasio majina wangoja kwenye viwanja vya pembeni siku mbili, siku tatu, kisha waambiwa wacheze mfululizo. Mwaka 2019, mvua iliifuta siku nzima ya Jumatano, tarehe 5 Juni. Ratiba ilipopangwa upya, nusu fainali zote mbili za wanawake zilitolewa katika uwanja mkubwa zikapelekwa viwanja vidogo, saa tano asubuhi, kabla watu hawajajaa, ili uwanja mkubwa wabaki nao wanaume. Amélie Mauresmo, aliyepata kuwa bingwa wa wanawake duniani, alisema hadharani kwamba hiyo ni aibu. Baadaye mama huyo huyo alifanywa mkurugenzi wa mashindano hayo, na chini ya mkono wake, mwaka 2024, michezo yote ya usiku, ile iuzwayo kwa bei ya juu, ilikuwa ya wanaume. Simlaumu sana. Kiti kina mazoea yake, na akikaliaye huanza kuona kama kionavyo kiti.

Sasa linganisha na maneno ya mwalimu wangu wa Nyamira: "huwa unawekwa mwisho." Lugha mbili, jambo moja.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa baina ya Paris na Kisii, na tofauti hiyo yawaondolea wa Kisii udhuru. Mvua ya Paris haina saa. Yaweza kuja asubuhi, yaweza kushinda siku mbili, yaweza isije kabisa. Waingereza nao ni hivyo hivyo. Pale Wimbledon, mwaka 2001, nusu fainali ya Tim Henman na Goran Ivanišević ilianza Ijumaa ikamalizika Jumapili kwa ajili ya mvua, na fainali ikasukumwa hata Jumatatu. Henman, mwenyeji, alikuwa ameongoza mvua ilipowakatiza siku ya kwanza, na mpaka leo wako Waingereza wanaoamini kwamba mvua ndiyo iliyomnyima kombe. Walipochoka wakajenga paa, likaanza kazi mwaka 2009, lakini wakakubaliana na wakazi wa mtaa ule kwamba saa tano za usiku mpira usimamishwe hata kama haujakwisha. Angalau huko jirani mwenye kutaka kulala alihesabiwa kuwa ni mtu.

Mvua ya Kisii ina saa, na saa yenyewe yajulikana. Yule mama wa ndizi hakuwa mtabiri wala hakupiga ramli. Milima ya Gusii imekaa baina ya pepo mbili. Mchana jua likipasha bara, upepo hutoka Ziwa Viktoria ukapanda kuelekea mashariki, kama vile kwetu upepo wa bahari uingiavyo pwani baada ya adhuhuri. Huko juu milimani hukutana na upepo utokao mashariki, na pepo mbili zikikabiliana zote hukosa pa kwenda ila juu. Hewa yenye maji ikipanda juu hupoa, ikawa wingu, na wingu likipanda zaidi likawa mawe ya barafu na radi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu ukaenda ziwani, na ndipo wavuvi wa ziwa wakutwapo na dhoruba usiku wa manane. Kwa hiyo asubuhi ya Kisii aghalabu ni ya jua, na alasiri ni ya mvua, katika miezi mingi ya mwaka. Nchi ile hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu nyingine hukaribia 2,000, hali sisi Mombasa twapata karibu nusu yake tu na bado twanung'unika masika yakiingia.

Jirani zao wa Kericho, wapakanao na Nyamira, wamepata sifa duniani kwa mvua ya mawe, na hutajwa mwaka mmoja ambao ilihesabiwa siku 132 za mawe huko. Mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa miaka ya sabini zilirushwa ndege juu ya mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, zikitia mawinguni moshi wa dawa ili mawe yavunjike kabla ya kuanguka. Kwa ajili ya chai, basi, watu walipanda mpaka mbinguni. Kwa ajili ya mpira wa wasichana hawajapanda hata kutoka saa nane na nusu hadi saa tatu asubuhi.

Wachuma chai wenyewe waijua siri hii. Niliwaona wameingia mashambani mapema na vikapu vyao mgongoni, wakitaka kumaliza sehemu kubwa kabla wingu halijaja. Ratiba yao yaandikwa na nchi. Ratiba ya michezo, kwa namna niionavyo, yaandikwa na mtu ambaye ofisi yake ina paa.

Nilipokuwa nimekwama chini ya mabati siku ile, nilitoa daftari langu nikaandika ubeti mmoja. Si mzuri sana, mawe yalikuwa yakipiga kelele, lakini nitauweka hapa kwa kuwa ulizua ubishi:

Mvua haina hiana, yanyesha kwa wakatiwe,
Wazee walishaona, na wana waelezewe,
Saa tisa ya mchana, kwa nini mpira uwe,
Na asubuhi ni pana, mbona isitumiliwe?

Mpwa wangu akausoma, akacheka. "Mjomba," akasema, "asubuhi ya hapa si pana kama unavyoidhania. Jumamosi asubuhi nusu ya watu wamo kanisani, ni Wasabato. Jumapili asubuhi nusu nyingine wamo kanisani, ni Wakatoliki. Timu ya Shabana ikicheza asubuhi, itachezea nani?"

Hapo alinishika. Shabana ndiyo timu ya Wakisii, yao ya damu. Iliundwa mwaka 1980, na jina lake, ambalo msikilizaji wa pwani hudhani latokana na mwezi wa Shaabani, lilitoka katika duka la vifaa vya ujenzi la mfadhili wake. Ilipata enzi zake, enzi za akina Henry Motego, ikaanguka, ikakaa nje ya ligi kuu miaka mingi, ikarejea mwaka 2023. Ikicheza nyumbani, katika Uwanja wa Gusii, mji mzima husimama. Wafanyabiashara wa Daraja Mbili hufunga meza, watu hutoka Keroka na Nyamira na Ogembo kwa matatu na pikipiki, wakiwa na nauli ya kwenda na ya kurudi na labda ya soda moja. Mchezo wa watu kama hao huwekwa alasiri kwa sababu asubuhi wako kazini au ibadani, na tena kwa sababu wenye kamera wataka alasiri. Kwa Shabana, basi, nakiri tatizo ni gumu. Mtu hawezi kumwambia Msabato aache Sabato yake kwa ajili ya mpira, kama asivyoweza kutuambia sisi tuache Ijumaa. Ila hata hapo, saa saba si sawa na saa tisa. Saa mbili hizo huko Kisii ndizo tofauti baina ya nyasi na tope.

Lakini michezo ya shule haichezwi siku za ibada. Huchezwa siku za kazi, na watoto wako tayari tangu saa tatu. Huko hakuna Msabato wala mwenye kamera wa kumtaja. Kuna hotuba tu.

Nimesikia hoja kwamba timu hutoka mbali na haziwezi kufika mapema. Siku ile niliyoiona mimi zilikuwa zimefika. Nimesikia pia kwamba mambo ya hali ya anga hayabadilishwi na binadamu, na kalenda ikishapangwa imepangwa. Hoja hii haina nguvu, kwa sababu twaona wakubwa wakitaka huibadilisha. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2023 lilikuwa lichezwe Ivory Coast mwezi wa Juni na Julai. Ilipotazamwa miezi hiyo ikaonekana ni ya mvua kubwa katika nchi ile, bara zima likasogeza mashindano hata Januari na Februari 2024, na vilabu vya Ulaya vilivyonung'unika vikanung'unika mpaka vikanyamaza. Na hapa kwetu tunao mfano wa kinyume. Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953, ilifahamika kwa miaka mingi kwa kukimbizwa wakati wa Pasaka, maana watu walilitaka tope lenyewe, ndilo lililokuwa mtihani. Iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 ikawekwa Juni, miezi mikavu, na mashabiki wa zamani wakasema hii si Safari, hii ni matembezi. Mwaka 2024 ikarudishwa Pasaka. Kwa hiyo mvua yaweza kuepukwa, na yaweza hata kutafutwa. Kinachotakiwa ni aketi mtu aiwaze kabla ya kuandika saa.

Na hili si suala la mabao peke yake. Nchi zizungukazo Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zile zipigwazo na radi kwa wingi zaidi duniani, na Kisii, kwa kimo chake, ipo mstari wa mbele. Mwezi wa Juni 2011 radi iliipiga shule moja ya msingi huko Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 kwa dharuba moja. Mwezi wa Novemba 2024, huko Peru, mwamuzi alisimamisha mchezo wa mpira kwa ajili ya dhoruba, na wachezaji walipokuwa wakitoka uwanjani radi ikawakuta, mmoja akafa. Yaani mwamuzi alifanya lililompasa na bado alikuwa amechelewa. Wataalamu wasema ukiuona umeme na ukasikia ngurumo kabla ya kuhesabu thelathini, ingia ndani, na usitoke hata zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Siku ile nilimwona mwamuzi wa Nyamira akipuliza kipenga bila kusita, na namshukuru. Ila nilihesabu: baina ya umeme na ngurumo sikufika hata kumi. Wasichana ishirini na wawili walikuwa katikati ya uwanja ulio wazi juu ya kilima, na kitu kirefu kuliko vyote pale kilikuwa nguzo za chuma za goli.

Mtu atasema, huyu mzee ametoka pwani kuja kuwafundisha watu wa bara mvua yao. La. Mvua waijua kunishinda. Nimesema, alinifundisha mwuza ndizi. Ninachokisema ni kwamba ujuzi wake hauingizwi katika karatasi ya ratiba. Kwetu sisi manahodha wa majahazi walikuwa na msimu wa kufunga bahari, kusi ikishika, na hapakuwa na tajiri ambaye angemwamrisha nahodha atoke, hata awe na shehena ya namna gani. Na hizi sala zetu, ambazo nyakati zake ndizo ratiba tuliyolelewa nayo kabla hatujajua kusoma saa ya ukutani, nazo zina nafasi ya mvua ndani yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mvua ikinyesha, jamaa walio msikitini waruhusiwa, kwa masharti yake, kuikusanya Alasiri na Adhuhuri, au Isha na Magharibi, katika wakati wa ile ya kwanza, ili watu wasirudi tena njiani wakaloa. Nililisoma hilo chuoni nikiwa na umri wa binti yule, na sikuwaza kwamba siku moja nitalikumbuka chini ya mabati ya shule ya Nyamira. Kama wakati wa sala, ambao ni faradhi, umewekewa ruhusa ya mvua, basi hotuba ya mgeni wa heshima yaweza kusogezwa.

Nilimwambia hayo yule mwalimu mpole kabla ya kuagana. Hakukasirika. Alisema mwaka ujao ataomba wasichana waanze, saa tatu, na wavulana wafuate; na kwamba ataomba iachwe siku moja tupu mwishoni, isiyopangiwa kitu, kwa ajili ya mchezo utakaokatizwa. Nikamwuliza atamwomba nani. Akanitajia ofisi, akanitajia na ofisi iliyo juu ya ofisi hiyo. Nikamwuliza kama ofisi hiyo iko Nyamira. Akasema hapana, lakini barua hufika.

Kanzu yangu, nikuambie ukweli, iliona mambo. Mwenye nyumba wa mpwa wangu aliifua mara mbili na bado udongo mwekundu ulibaki pindoni. Niliondoka Kisii Jumatatu kwa basi la saa mbili asubuhi, jua likiwaka, na yule mama wa ndizi akanipungia mkono. Tulikuwa tumekwisha kupita Narok mpwa wangu aliponipigia simu, nami nikasikia mabati yakilia nyuma ya sauti yake. Nikatazama saa. Ilikuwa tisa kasoro robo.